Kisa cha Richard Galliano: alipoambiwa arudi kwenye muziki alioukimbia

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 pale Paris kuna jamaa mmoja mpiga kodiani, umri thelathini na kitu, kazi anayo, jina analo kwa wanamuziki wenzake, studio zinamwita, waimbaji wakubwa wa Ufaransa wanamtaka nyuma yao jukwaani. Anaitwa Richard Galliano. Kwa hesabu ya wengi mtu wa hivyo ameshafika, maana mpigaji anayelala ana uhakika wa shoo ya kesho ni wachache sana dunia nzima. Lakini ukiuliza muziki wake mwenyewe uko wapi, ule ambao mtu atatoka nyumbani kwake kununua tiketi kwa ajili ya Galliano na si kwa ajili ya mwimbaji aliyesimama mbele yake, hapo mambo bado hayajakaa.

Ndipo anakutana na Astor Piazzolla, Muajentina, mpiga bandoneoni, chombo kilicho ndugu wa kodiani, na mtunzi aliyekuwa ameibadilisha tango, ule muziki wa dansi wa Argentina, mpaka wenyewe wenye tango wakamkataa. Wakawa marafiki. Na Piazzolla akampa ushauri ambao ukiusikia haraka haraka unaona kama anamrudisha nyuma: kwamba hii kodiani ya jazi kwa mtindo wa Marekani si njia yake, arudi kwenye mizizi yake ya Ufaransa, achukue musette, ule muziki wa kodiani wa madansi ya Paris, aufanyie kile yeye Piazzolla alichoifanyia tango. Yeye alikuwa na tango mpya, basi Galliano awe na musette mpya.

Hicho ndicho kisa chenyewe, na nataka tukichambue taratibu kwa sababu watu wengi wanakisimulia kama hadithi tamu ya mzee mwenye busara na kijana mwenye bahati, alafu wanaishia hapo. Mimi naona utamu wake uko kwenye mambo mawili ambayo husemwa kwa haraka: ushauri ule ulikuwa mgumu kiasi gani kwa mtu aliyeambiwa, na ilichukua muda gani mpaka ukazaa kitu.

Tuanze na huyu Galliano katoka wapi. Kazaliwa tarehe 12 Desemba 1950 huko Le Cannet, kusini mwa Ufaransa jirani na Cannes, familia yenye asili ya Italia. Baba yake, Lucien Galliano, alikuwa mwalimu wa kodiani, kwa hiyo mtoto kashika kodiani akiwa na miaka minne, nyumbani humo humo, kabla hata ya kujua kusoma. Sasa kwenye chuo cha muziki cha Nice alikosomea, kilichomjenga huko ni tromboni, hamoni na kanuni za kuunganisha sauti nyingi kwa pamoja, maana kodiani enzi zile kwenye vyuo vikubwa vya Ufaransa ilikuwa haina kiti. Mnisome vizuri hapa: mtoto wa mwalimu wa kodiani, aliyeshinda mpaka mashindano ya kimataifa ya kodiani akiwa bado kijana mdogo, ili akubalike kama mtu aliyesoma muziki ilibidi ashike chombo kingine. Hata Conservatoire kuu ya Paris, chuo cha muziki cha taifa, darasa la kodiani limekuja kufunguliwa miaka ya 2000. Ukikua kwenye mazingira hayo unajua tangu utotoni kwamba chombo chako watu wanakipenda kwenye sherehe ila hawakiheshimu.

Alafu akiwa na miaka 14 hivi akamsikia Clifford Brown. Huyu alikuwa mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, alifariki kwa ajali ya gari 1956 akiwa na miaka 25 tu, kaacha rekodi za miaka michache ambazo mpaka leo wapiga tarumbeta wanazisoma kama msahafu. Galliano akawa anakaa na rekodi zile ananakili solo za tarumbeta, noti kwa noti, anazipiga kwenye kodiani. Hapa ningependa tukae kidogo. Mpiga tarumbeta pumzi zake zina mwisho, akivuta hewa lazima akate sentensi, kwa hiyo sentensi za muziki wake zina urefu wa kibinadamu. Mpiga kodiani hana shida hiyo, mivukuto inakwenda na kurudi, anaweza kujaza noti dakika nzima bila kupumua na ndio maana wapigaji wengi wa kodiani wanachosha, vidole vina kasi ila hakuna mahali pa msikilizaji kupumzika. Ukimsikiliza Galliano kwa makini utaona mivukuto inageuka pale ambapo mwimbaji au mpiga tarumbeta angevuta pumzi. Mimi naamini ile ilitoka huko, kwenye kunakili chombo cha mdomo akiwa mtoto, na ndiyo silaha aliyokuja nayo Paris.

Kaingia Paris 1973. Huko akaangukia kwa Claude Nougaro, mwimbaji na mshairi wa Toulouse aliyekuwa anapenda jazi kuliko kawaida ya waimbaji wa Kifaransa. Galliano hakuwa tu anampigia kodiani, alikuwa anampangia muziki na kuongoza bendi, na zaidi ya yote walikuwa wanatunga pamoja, Nougaro anaweka maneno, Galliano anaweka melodi. Mbali na Nougaro alipigia waimbaji wengi, akina Barbara, Aznavour, Juliette Gréco, Moustaki, na upande wa jazi kafanya kazi na mpiga tarumbeta Chet Baker pia. Ukiangalia orodha hiyo unaona mtu aliyeshiba.

Kwa wasiojua biashara hii inavyokwenda, kuna tofauti kubwa mno kati ya mpigaji na mtunzi na haionekani jukwaani, inaonekana mwisho wa mwezi. Mpigaji wa kukodiwa analipwa kwa kikao, kapiga, kasaini, kaondoka, wimbo ukija kuwa hit miaka ishirini haimhusu sana. Mtunzi kila ukipigwa redioni au kwenye ukumbi kuna mirabaha, na Ufaransa chama chao cha kukusanya, SACEM, kipo tangu 1851, kina meno kweli. Kwa hiyo zile nyimbo na Nougaro zilikuwa zaidi ya heshima, zilimzoesha Galliano kujiona mtunzi kabla dunia haijamuona hivyo, na mtu aliyezoea kuitwa "yule wa kodiani" anahitaji sana hiyo.

Sasa turudi kwenye musette, maana bila kuielewa huwezi kujua kwa nini ushauri wa Piazzolla ulikuwa mchungu. Karne ya 19 watu kutoka Auvergne, milima ya katikati ya Ufaransa, walihamia Paris kutafuta maisha, wengi wakawa wanauza kuni, makaa na mvinyo, na jioni wanacheza ngoma zao kwa zumari la mfuko wa ngozi linaloitwa cabrette, mitaa ya upande wa Bastille, rue de Lappe ndiyo maarufu zaidi. Baadaye wakaja Waitaliano na kodiani zao. Mwanzoni haikuwa shwari, wenyeji wa ule muziki walikuwa wanaona kodiani imekuja kuwamaliza, lakini mpiga cabrette mkubwa wa wakati ule, Antoine Bouscatel, akakubali kupiga pamoja na Muitaliano Charles Péguri, na Péguri akaja kumuoa binti wa Bouscatel kabisa. Kodiani ikashinda, cabrette ikasogea pembeni, jina likabaki lile lile la musette. Muziki mzima wa "Kifaransa halisi" umezaliwa na wahamiaji wa aina mbili kwenye kumbi za walalahoi, na Galliano mwenyewe ni mjukuu wa njia hiyo hiyo ya Italia.

Ile sauti ya musette unayoijua hata kama hujui jina lake, inayotetemeka ukiisikia tu unaona Paris, inatokana na ufundi mdogo sana. Ndani ya kodiani kuna vijiulimi vya chuma vinavyotikiswa na hewa. Noti moja inapewa vijiulimi viwili au vitatu, alafu fundi anavilegeza kidogo visilingane sawasawa, kimoja kiko juu kidogo ya mwenzake, vikilia pamoja vinagongana na kutengeneza lile wimbi. Kadiri tofauti inavyokuwa kubwa ndivyo mtetemo unavyozidi. Inapendeza kwenye walsi ya kuchezea, lakini kwa mtu anayetaka kupiga noti za haraka za jazi ni mzigo, kila noti inafika na ukungu wake. Ndio maana wapiga kodiani wa jazi wengi hupenda sauti kavu, kijiulimi kimoja, safi. Kwa hiyo mtu aliyekuwa anaikimbia musette alikuwa anaikimbia mpaka ndani ya chuma cha kodiani yake.

Na alikuwa na sababu za kuikimbia. Baada ya rock kuingia Ufaransa kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, vijana wakahamia kwenye gita la umeme na kodiani ikabaki kitu cha wazee. Yvette Horner alikuwa anapiga kodiani juu ya gari kwenye msafara wa Tour de France, watu wanampungia mikono barabarani, mpigaji hodari yule mama, tusimdharau, ila kwa kijana wa 1965 picha ile ilimaanisha muziki wa shangazi. Miaka ya 1970 rais mwenyewe, Valéry Giscard d'Estaing, akawa anajitokeza hadharani na kodiani kuonyesha kwamba yeye ni mtu wa watu. Chombo kikishafika hatua ya kutumiwa na mwanasiasa kutafuta ukaribu na wananchi, msanii kijana anayetaka kuchukuliwa kwa uzito anapata tabu. Galliano alichagua jazi kama mlango wa kutokea. Sasa anakuja mtu anayemheshimu kuliko wote anamwambia rudi ndani.

Kwa nini alimsikiliza? Jibu langu ni kwamba Piazzolla hakuwa anatoa nadharia, alikuwa anasimulia maisha yake mwenyewe. Piazzolla kazaliwa 1921 Mar del Plata, kakulia New York, baba yake Vicente ndiye aliyemnunulia bandoneoni kwenye duka la vitu vya rehani. Bandoneoni ni ndugu wa kodiani, ya mraba, asili yake Ujerumani, na batani moja inatoa noti moja ukivuta na noti nyingine ukibana, yaani ni kama kujifunza lugha mbili kwa wakati mmoja. Kijana karudi Argentina, kaingia kwenye orkestra ya Aníbal Troilo mwaka 1939, orkestra kubwa kabisa ya tango, huku anasoma utunzi na Alberto Ginastera. Na moyoni anaionea haya tango. Anataka kuwa mtunzi wa muziki wa kiklasiki, wa simfoni, anataka jina lake likae pamoja na akina Stravinsky na Bartók. Akashinda tuzo, akapata ufadhili wa serikali ya Ufaransa, 1954 akaenda Paris kusoma kwa Nadia Boulanger, mwalimu ambaye kawafundisha watunzi wengi wakubwa wa karne ile.

Piazzolla alisimulia mwenyewe mara nyingi yaliyotokea. Kapeleka marundo ya simfoni na sonata. Boulanger akasoma, akamwambia zimeandikwa vizuri, hapa naona Stravinsky, hapa naona Bartók, hapa Ravel, ila Piazzolla mwenyewe simuoni. Akaanza kumhoji maisha yake, unapiga chombo gani, unaishije, na jamaa anakwepa, hataki kusema kwamba anapiga bandoneoni na kwamba kabla ya hapo alikuwa anapigia kwenye madansi ya usiku. Mwisho akakubali kumpigia tango yake moja kwenye piano, na yule mama akamshika mikono akamwambia huyu ndiye Piazzolla, asimuache kamwe. Karudi Buenos Aires, 1955 akaanzisha Octeto Buenos Aires, ndani kaweka gita la umeme, akaanza vita na wapenda tango vilivyodumu miongo.

Kwa hiyo ukitazama vizuri, ushauri aliopewa Galliano ulikuwa umeshatumika mara moja na umeshalipiwa. Boulanger kampa Piazzolla 1954, Piazzolla kampa Galliano karibu miaka thelathini baadaye, katika mji ule ule. Na wote wawili walikuwa na ugonjwa mmoja, walikuwa wanaficha kitu walichokijua kuliko kitu kingine chochote. Mimi hapa ndipo napatofautisha ushauri wa kweli na maneno ya kutia moyo. Mtu akikwambia "fuata ndoto yako" hajakwambia kitu. Piazzolla alimwambia Galliano chukua hiki, si kile, na sababu ni hii, na mimi nilifanya, na matusi niliyoyapata ni haya.

Tena hakuishia kwenye maneno. Miaka hiyo hiyo ya 1980 Piazzolla alitunga muziki kwa ajili ya onyesho la Shakespeare pale Comédie-Française, jumba kubwa la tamthilia la Paris, na aliyepiga bandoneoni kama mpiga solo ni Galliano. Sasa hiyo ni nafasi ambayo huwezi kuinunua, kukaa ndani ya noti za mtu, usiku baada ya usiku, kwenye chombo chake yeye mwenyewe, unajifunza anaanzaje sentensi, anavuta wapi, anakata wapi, ile nukta kali anayoiweka kwa kupiga mivukuto kwenye goti (Piazzolla alikuwa anapiga amesimama, mguu mmoja juu ya kiti, wakati wapiga bandoneoni wa zamani walikaa). Mwanafunzi wa hivyo haigi tena melodi, anajifunza namna ya kufikiri.

Alafu ikawaje? Hapa ndipo wasimulizi wengi wanaruka. Albamu inayoitwa New Musette imetoka 1991. Hesabu mwenyewe, ni karibu miaka kumi tangu wakutane. Kati kati pale hakuna muujiza, kuna mtu anaendelea na kazi za kukodiwa, anapiga jazi, anarekodi vitu vyake vidogo vidogo, 1990 anafanya kazi ya watu wawili na Ron Carter, mpiga besi aliyekuwa kwenye kundi la mpiga tarumbeta Miles Davis miaka ya 1960. Kama kuna kitu nakitetea kwenye kisa hiki ni miaka hii kumi. Naona watu wanaiita kuchelewa, mimi naona ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu kurudi kwenye muziki wa nyumbani ukiwa mtu mzima uliyeshajua mengine ni kugumu kuliko kuanza nao, lazima uvue mazoea ya pande zote mbili, mazoea ya dansi na mazoea ya jazi, na hilo halifanyiki kwa azimio la siku moja. Na pia, tuwe wakweli, kodi ya nyumba ilikuwa inalipwa na zile kazi za studio. Angeacha zote siku ile ile aliyoshauriwa sidhani kama kuna albamu ambayo tungekuwa tunaizungumzia.

Ukiiweka New Musette masikioni unakuta watu wanne: Galliano kwenye kodiani, Philip Catherine wa Ubelgiji kwenye gita, Pierre Michelot kwenye besi, Aldo Romano kwenye dramu. Imetolewa na Label Bleu ya Amiens. Hao wapigaji si wa kuokoteza. Michelot alikuwa ni besi ya jazi ya Ufaransa kwa miongo, kapiga na Django Reinhardt mwenyewe, yule mpiga gita mkubwa wa jazi. Na gita pale lina historia yake, kwa sababu watu wanasahau kwamba Django alianza kama mpiga banjo nyuma ya wapiga kodiani wa musette, rekodi zake za kwanza kabisa mwaka 1928 ziko na mpiga kodiani Jean Vaissade. Baadaye wapiga kodiani akina Gus Viseur na Tony Murena wakatia swingi, yaani mwendo wa jazi, kwenye musette, jazi na kodiani zikawa zinalala chumba kimoja pale Paris miaka ya 1930 na 1940. Kwa hiyo Piazzolla alipomwambia aachane na kodiani ya Kimarekani hakuwa anamwambia aachane na jazi, alikuwa anamuelekeza kwenye jazi iliyokuwepo kwao kabla yeye hajazaliwa. Mimi nilivyokuja kulielewa hili ndipo ushauri wote ukanikaa sawa, maana mwanzo nilikuwa naona kama mzee anamnyima kijana uhuru.

Na ndani ya muziki wenyewe kilichobadilika ni nini? Walsi imebaki, mapigo matatu yale yale, mguu unatafuta kucheza. Ila chini yake hamoni haikai sehemu moja kusubiri, inatembea kama ya jazi, na juu yake solo hazirudii melodi kwa mapambo kama walivyofanya wa zamani, zinasimulia habari nyingine kabisa alafu zinarudi. Dramu haigongi ile un-deux-trois (moja-mbili-tatu) ya kumbi, inazunguka pembeni inamuacha msikilizaji ahesabu mwenyewe. Kisha kuna ile nukta kali na kivuli cha huzuni, hivyo ni vya Piazzolla, huwezi kuvikosa. Bado ni muziki wa kodiani, shangazi akiusikia atautambua, na huku mpenzi wa jazi hana pa kuunyooshea kidole.

Albamu ilivyopokelewa: 1993 Galliano akapewa tuzo ya Django Reinhardt na Académie du Jazz ya Ufaransa, tuzo ya mwanamuziki wa jazi, kapewa mpiga kodiani. Mwaka huo huo albamu ya Viaggio kwa Dreyfus Jazz, safari hii gita kashika Biréli Lagrène. Baada ya hapo milango haikufungwa tena, kaja na Laurita 1995, kaja na New York Tango 1996 akiwa na baadhi ya wapigaji wa kule kule Marekani, na angalia mpangilio wa mambo, Marekani kaenda baada ya kuwa na kitu cha kwake mkononi. Kwa upande wa utunzi mkubwa kaandika Opale Concerto mwaka 1994, kodiani na orkestra ya nyuzi. Yule mtoto wa tromboni na hamoni wa Nice hapo ndipo masomo yake yalipolipa, kwa sababu mpiga kodiani wa dansi asiyejua kuandikia nyuzi hawezi kufika hapo hata awe na vidole gani.

Piazzolla hakuyafaidi haya. Alipata kiharusi Paris mwezi Agosti 1990, hakutunga tena, akafariki Buenos Aires tarehe 4 Julai 1992. Yaani New Musette inatoka mwenye wazo yuko kitandani. Inaniuma kila nikilifikiria.

Sasa kuna hoja nimewahi kupewa na jamaa mmoja mpiga kinanda, na si hoja ya kupuuza: kwamba Galliano angefika tu, kipaji kile kisingezuilika, na kwamba hadithi ya ushauri imekuja kupambwa baadaye kwa sababu inauza vizuri, jina la Piazzolla likikaa kwenye maelezo ya albamu tiketi zinakwenda. Nakubali nusu. Ni kweli jina lile lilisaidia, na ni kweli mtu anayenakili Clifford Brown akiwa na miaka 14 hakai nyuma ya waimbaji milele. Lakini kufika wapi? Wapiga kodiani hodari wa jazi walikuwepo, Marekani walikuwa na Art Van Damme, mpigaji safi mno, na ukiwauliza wapenda jazi wa kawaida leo wachache sana wanaweza kumtaja. Hakukosa kitu kwenye vidole. Ila alikuwa anapiga muziki ambao tayari ulikuwa na wenyewe, kodiani ikiwa mgeni aliyekaribishwa. Galliano aliacha kuwa mgeni. Hilo kipaji peke yake hakilifanyi, linahitaji uamuzi wa kuchagua utakaa kwenye muziki upi, na uamuzi ule una tarehe yake na una mtu aliyeusukuma.

Kuna mwingine wa kumuweka kando ya Galliano ili kisa kionekane vizuri, na huyu ni wa huku kwetu Bahari ya Hindi: Régis Gizavo, kazaliwa 1959 Tuléar, kusini magharibi mwa Madagaska. Alishinda tuzo ya Découvertes ya RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, mwaka 1990, akahamia Ufaransa, na kama Galliano akaishi kwa kupigia wengine, kapiga na mwimbaji Cesária Évora wa Cape Verde, kapiga na kundi la I Muvrini la kisiwa cha Corsica. Ila huyu alifika Paris akiwa na midundo ya kwao tayari mkononi, hakuhitaji mtu wa kumrudisha, na albamu yake ya Mikea ya 1996 ukiisikiliza unakuta kodiani inapigwa kwa namna ambayo hakuna shule ya Ulaya iliyomfundisha. Alifariki Julai 2017 akiwa Corsica kikazi. Wote wawili walikuwa wapigaji wa kukodiwa wa daraja la juu, wote walikuwa watunzi, tofauti ni kwamba mmoja alizaliwa sehemu ambayo kodiani haijaonewa aibu na mwingine alizaliwa sehemu ambayo imeonewa. Madagaska kodiani inaingia mpaka kwenye shughuli za kuita mizimu, nani ataionea haya.

Na huku kwetu je? Kodiani tunayo. Zanzibar taarab za Ikhwani Safaa na Culture Musical Club zimekaa na kodiani pamoja na ganuni, udi na fidla kwa miaka na miaka, ukiondoa kodiani pale kuna shimo. Kenya, kwa Wakikuyu, mwomboko umechezwa kwa kodiani na kile chuma cha karing'aring'a tangu miaka ya 1940, na wazee bado wanaucheza kwa suti na kofia zao. Wapigaji wapo. Kinachonikereketa ni kwamba mpigaji wetu wa kodiani akishakuwa mzuri anatafutwa kujaza nafasi kwenye bendi ya mtu, karibu hakuna anayemuuliza utunzi wake uko wapi, na yeye mwenyewe taratibu anaacha kujiuliza. Nimemsikia mzee mmoja Unguja akijipigia peke yake kabla mazoezi hayajaanza, vitu vya ajabu, kavuta melodi ya taarab kaipinda mara tatu kairudisha, wenzake walipokaa kwenye viti vyao akaacha, akaanza kupiga sehemu yake iliyoandikwa. Vile vya mwanzo havijarekodiwa popote.

Galliano hakubaki kwenye musette kama mahabusu, hilo nalo lisemwe maana wengine wanadhani kurudi kwenye mizizi ni kujifungia. 2003 katoa Piazzolla Forever, kapanga upya tungo za rafiki yake kwa kodiani na nyuzi na piano, na 2010 Deutsche Grammophon, kampuni ya muziki wa kiklasiki, ikatoa albamu yake ya Bach, kodiani pamoja na kikundi cha nyuzi. Kodiani iliyokosa kiti Nice miaka ya 1960 imeingia kwenye nyumba ile kwa mlango wa mbele. Na kuna kazi nyingine ambayo haisemwi sana kwa sababu haipigwi jukwaani: kitabu cha kufundishia kodiani, ameandika pamoja na baba yake Lucien. Mwalimu wa mtaani aliyemshikisha mtoto kodiani akiwa na miaka minne jina lake limekaa juu ya jalada, na mtoto wa leo anayeanza anaanza na wote wawili.